Nanga ya Habibu Selemani katika Somo la Fasihi Simulizi

Mwalimu anayeandaa somo la fasihi simulizi kwa ajili ya madarasa ya juu ya shule ya msingi hukutana vitabuni na mifano ile ile: Fumo Liyongo wa pwani, Sundiata wa Mali, na pengine mstari mmoja juu ya Homer wa Wayunani. Mifano hiyo si mibaya, na mimi mwenyewe nimeitumia kwa miaka mingi. Hata hivyo, mtoto wa Muleba au wa Bukoba aisomapo hujifunza pia jambo ambalo halikuandikwa kitabuni, nalo ni kwamba mashujaa na watambaji wao huishi mbali. Kwa hiyo nataka niwaeleze walimu wenzangu, hasa ninyi mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, habari za mtu mmoja ambaye ni nadra kulikuta jina lake katika andalio la somo, hata katika mkoa huu ambamo sanaa yake ilikua. Mtu huyo ni Habibu Selemani, mpiga nanga wa Wahaya, aliyezaliwa yapata mwaka 1929 na kufariki mwaka 1993.

Nianze na neno lenyewe, maana limewahi kuniharibia dakika kumi za kipindi. Mwanachuo mmoja kutoka Tanga aliposikia nasema "nanga" alichora ubaoni chuma cha kuzuilia jahazi, akaanza kueleza habari za bandari. Hakukosea, kwani katika Kiswahili hicho ndicho neno linachotaja kwanza. Nanga ya Kihaya, ambayo wenyewe huiita enanga, ni ala ya muziki. Ni ubao uliochongwa ukawa na tumbo la kina kifupi, mfano wa sinia refu. Katika ncha zake mbili hukatwa meno, na uzi mmoja, ambao zamani ulitengenezwa kwa kano au utumbo wa ng'ombe, hupitishwa katika meno hayo ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, hadi zipatikane nyuzi saba au nane. Jamaa zake wako Rwanda na Burundi, ambako huitwa inanga. Kule Buganda jina hilo hilo hupewa ala nyingine kabisa, yenye shingo iliyopinda kama upinde. Kwa hiyo mwalimu anayetafuta picha vitabuni na awe mwangalifu.

Jambo linalofaa sana kwa darasa ni kwamba nyuzi zote za nanga zina urefu unaokaribiana. Kinachotofautisha sauti zake ni mkazo. Mpigaji huuvuta uzi kidogo hapa, akaulegeza pale, na meno ya ubao huushika usirudi. Mtoto aliyeambiwa katika somo la sayansi kwamba uzi mfupi hutoa sauti ya juu hupata hapa swali zuri la kumwuliza mwalimu wake.

Nanga haikuwa ala ya kuchezea ngoma. Ilikuwa ala ya kusikilizwa na watu walioketi. Mpigaji alikaa chini, ala ikiwa mapajani au mbele yake, akaanza kwa nyuzi peke yake mpaka maneno ya watu yakakoma. Ndipo akaingiza sauti. Mara aliimba, mara aliacha kuimba akaghani kwa kasi, mara akazungumza kama mtu anayesimulia habari za jana, na nyuzi zikaendelea chini yake bila kukatika. Wasikilizaji walikuwa na sehemu yao ya kuitikia. Mahali pa sanaa hii palikuwa kikale, yaani kwenye makao ya Mukama. Palikuwa pia arusini na katika mikutano ya jioni yenye rubisi. Falme za Wahaya zilikuwa kadhaa, miongoni mwao Kiziba, Kyamutwara, Kihanja na Ihangiro, na penye kikale hapakukosa watu wa kuwasifu wakubwa na kuwakumbusha habari za waliowatangulia. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa nchini. Siuombolezi utawala huo. Nataka tu mwone kwamba mpiga nanga alipoteza siku hiyo mwenyeji wake mkubwa, na tangu hapo alitegemea arusi, vilabu na watu waliojitolea kumwita.

Habibu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu wakati huo. Maana yake ni kwamba alijifunza kazi yake katika ulimwengu mmoja, akaifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yake katika ulimwengu mwingine. Aliendelea kwa miaka thelathini baadaye, katika nyakati ambazo redio zilijaa magitaa ya bendi za Dar es Salaam na za Kongo, na vijana wa Bukoba walijifunza kucheza kwa nyimbo hizo.

Kwa mara ya kwanza nilimsikia katika kaseti niliyopewa na mjomba wangu, nakala ya nakala, yenye mvumo mwingi kuliko sauti. Sikupendezwa mara moja. Niliyazoea magitaa, nami nilingoja ala ipande, ibadilike, ifanye jambo. Haikufanya. Nyuzi zilirudia mzunguko mfupi, ule ule, kwa muda mrefu. Ilinichukua majuma kadhaa kutambua kwamba nilikuwa nimeelekeza sikio mahali pasipotakiwa. Mzunguko ule ni kama mkeka uliotandikwa, na mambo yote hutendeka juu yake: pale sauti inapowahi mbele ya nyuzi, pale inapochelewa, pale mtambaji anaponyamaza na kuziacha nyuzi ziseme peke yake ili msikilizaji apate muda wa kuogopa. Sasa nathubutu kusema kwamba sijasikia mtu mwingine katika lugha yoyote niielewayo anayejua kunyamaza kama yeye.

Niruhusuni nitoke kidogo nje ya Kagera. Kule Marekani alikuwako mtu aliyeitwa Sonny Terry, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 1986, mpigaji wa kinanda cha mdomo katika muziki wa watu Weusi uitwao bluzi. Alipofuka macho katika ujana wake, na mwaka 1938 alipiga katika ukumbi wa Carnegie, New York. Kinanda cha mdomo kina taabu moja: mdomo hauwezi kupuliza na kuimba kwa wakati mmoja. Basi Terry alipuliza, akauondoa mdomo akapiga ukelele, akapuliza tena, kwa wepesi ambao msikilizaji hukoma kutambua sauti ya mtu inaishia wapi na ya ala inaanzia wapi. Mpiga nanga hana taabu hiyo, kwa kuwa vidole vyake viko huru. Angeweza kuimba na kupiga pamoja usiku kucha. Lakini Habibu, kama Terry, mara nyingi huipa ala zamu yake ya kusema. Nimewasikilizisha wanachuo wangu watu hawa wawili kwa kufuatana, bila kuwaambia majina, nao husema kila mwaka neno lile lile, kwamba hawa wanazungumza na vyombo vyao. Terry ana sahani nyingi madukani duniani. Wa kwetu tunamtafuta katika kaseti za wajomba.

Si kwamba wataalamu hawakuiona kazi hii. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alirekodi ala za Wahaya alipopita Tanganyika mwaka 1950. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama utendi ni utanzu wa kawaida wa Waafrika. Hapo ndipo Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera na mwandishi wa tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, alipochukua wapiga nanga kuwa hoja yake. Mwaka 1983 alichapisha makala yaliyouliza kama hao ni watunzi wa tendi, na mwaka 1986 akamaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamivu juu ya tendi za nanga. Mnaposoma makala yake ya mwaka 1989 katika Mulika juu ya tanzu za fasihi simulizi, yale mnayoyakariri kwa ajili ya mitihani, kumbukeni kwamba mtu aliyeyaandika alikuwa ametumia miaka akiwasikiliza wazee wenye ubao wa nyuzi saba mapajani. Katika orodha ile mmeliona neno kivugo. Wahaya wana ebyebugo, majigambo ya shujaa mbele ya mkubwa wake. Peter Seitel naye alikusanya hadithi za Wahaya katika kitabu cha mwaka 1980, ambacho jina lake limetokana na itikio la wasikilizaji, wanaomwambia mtambaji aone ili nao wapate kuona.

Mwaka 1997 Mulokozi aliandika maisha ya Habibu katika makala ambayo kichwa chake kinamwita wa mwisho miongoni mwa watambaji hao. Namheshimu sana Profesa, lakini neno "mwisho" nalisoma kwa tahadhari. Kwa ubora, huenda ni kweli. Kwa hesabu ya watu, wako wazee ambao bado wanaweza kupiga, nao hukaa kimya kwa sababu hakuna anayewauliza.

Mmoja wao nilionana naye mwaka 2008. Nilikuwa nimepelekwa Muleba kuwakagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao, binti wa Kisukuma kutoka Shinyanga, alipangiwa darasa la sita katika shule iliyo juu ya ziwa, na katika azimio lake la kazi kulikuwa na vipindi vya fasihi simulizi. Hakujua Kihaya hata neno moja ila salamu. Nilimpa kaseti yangu na redio ya betri nne kubwa, nikamwambia ajaribu. Nilitazamia malalamiko. Badala yake alifanya jambo ambalo tangu hapo nimelifundisha kama lake: aliwaambia watoto kwamba yeye haelewi, na kwamba kazi yao ni kumweleza kwa Kiswahili sanifu kila anachosema mzee wa kwenye kaseti.

Wale wanaosema kwamba lugha ya mama haina nafasi katika kipindi cha Kiswahili wangalikuwapo siku ile. Watoto walisikiliza kwa Kihaya na kubishana kwa Kiswahili. Neno moja liliwashika kwa nusu ya kipindi. Mtambaji alimtaja Mukama, na mtoto wa mbele akatafsiri "Bwana Mungu", kwa maana ndivyo alivyolisikia kanisani. Mwingine akasema hapana, huyu ana ng'ombe na wake, ni mfalme. Wa tatu akapendekeza "chifu". Wa nne akauliza kama kikale ni ikulu, na kama mkuu wa wilaya naye ana kikale. Mwalimu wao aliandika maneno yote ubaoni, wala hakufuta lolote mpaka kila moja lilipopata mtu wa kulitetea. Mtoto aliyeshindana hivyo kwa ajili ya neno hatalisahau, na sijui zoezi la msamiati linaloweza kulingana na hilo. Hata watoto watatu wa wavuvi waliotoka Ukerewe, waliokuwa wakikaa nyuma kimya kama mwalimu wao asivyojua Kihaya, walipata kazi ya kuamua tafsiri ipi inaeleweka kwa mgeni.

Juma lililofuata, katika kipindi cha Stadi za Kazi, walitengeneza nanga. Hawakuchonga kweli kweli. Walichukua vipande vya mbao, wakakata meno kwa msumeno wa kuazima, wakapitisha mshipi wa nailoni wa kuvulia sangara. Sita kati ya nane zilitoa sauti. Mtoto mmoja alikwenda nazo nyumbani, na kesho yake akaja na ujumbe kutoka kwa babu wa jirani kwamba nyuzi zimefungwa vibaya.

Hivyo ndivyo tulivyompata yule mzee. Alikubali kuja shuleni kwa sharti la kukarimiwa kama mgeni. Mwalimu mkuu aliamua, nami niliafiki, kwamba shuleni hapaletwi rubisi. Tulimpa buni za kutafuna, kama ilivyo desturi ya kumpokea mgeni Buhaya, na chai. Alizipokea kwa uso wa mtu aliyetarajia zaidi.

Kabla hajafika, mjumbe mmoja wa kamati ya shule alipinga. Alisema nanga ni jambo la ulevi na la mizimu, na watoto wamepelekwa shuleni ili waachane na hayo. Walimu wanafunzi mtakutana na neno hili, nanyi msilicheke. Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anafundishwa nini, na ni kweli kwamba Mugasha, anayetajwa sana katika tendi hizi, aliogopwa na wazee wetu kuwa ndiye mwenye ziwa na dhoruba. Waganda humwita Mukasa. Mwalimu mkuu hakubishana. Alimwalika mjumbe yule aje akae darasani. Mimi nilitaja jambo moja tu, kwamba mpigaji hodari kuliko wote tuliowajua aliitwa Habibu Selemani, na jina hilo halikutoka kwa mizimu. Mjumbe alikuja, akakaa karibu na mlango, mikono ameifumbata.

Mzee alighani kisa kimoja cha Mugasha na hasira za ziwa. Watoto waliitikia vizuri, kwa kuwa kaseti ilikuwa imewazoeza. Alipopumzika, msichana mmoja alinyosha mkono. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yaani alizaliwa mwaka 1996, na baba yake alikuwa miongoni mwa mamia ya watu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei mwaka ule. Aliuliza, "Je, ni Mugasha aliyeizamisha ile meli?"

Mzee aliweka kiganja juu ya nyuzi. Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimekaa nyuma na fomu yangu ya ukaguzi, yenye nafasi ya alama za matumizi ya ubao na za mpangilio wa hatua za somo, na sikuona pa kuandika kitu chochote. Yule mwanachuo alikwenda hadi kwenye dawati la mtoto, akachuchumaa, akamjibu kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia: "Hapana, mwanangu. Ile meli ilipakiwa kupita uwezo wake, na waliokuwa na wajibu wa kuizuia hawakuizuia. Babu anatuambia jinsi wazee walivyoliogopa ziwa, kwa sababu nao walikuwa wanapoteza watu wao humo."

Baadaye tulilijadili jibu hilo, yeye nami, tukitembea kuelekea barabarani kungoja basi la Bukoba. Alidhani ningemlaumu kwa kutoka nje ya somo. Nilimwambia kwamba hakutoka. Mwalimu mwingine, kwa kuogopa, angeweza kusema kwamba hadithi ni uongo mtupu, na hapo angemnyang'anya mtoto kisa na faraja yake pamoja. Au angeweza kunyamaza, na mtoto angekwenda nyumbani akiamini kwamba baba yake aliuawa na mungu. Yeye aliutenga ukweli wa meli na ukweli wa utendi bila kuudharau wowote. Jambo hilo halifundishwi kwa maelezo ya mkufunzi. Kama kisa cha Mugasha kingesomwa kitabuni, kikiwa na maswali matano chini yake, sidhani kama mtoto yule angelinyosha mkono.

Aliyeomba mzee aendelee alikuwa ni yeye. Naye mjumbe wa kamati, alipoulizwa mwisho wa kipindi kama ana neno, alimwambia mzee kwamba kuna mahali ameruka. Walibaki wakibishana mlangoni kwa Kihaya hadi kengele ya pili. Juu ya ulevi, alituambia, msimamo wake ni ule ule.

Kwa wale watakaopenda kujaribu somo hili, nashauri waanze na sauti kabla ya maelezo, na waisikilizishe angalau mara tatu. Mara ya kwanza watoto wasiulizwe lolote. Mara ya pili wainue mkono kila mtambaji anapotoka katika kuimba na kuingia katika kusema. Mara ya tatu ndipo tafsiri. Dakika arobaini hazitoshi; ombeni vipindi viwili vinavyofuatana. Msiandike ufafanuzi wa utendi ubaoni siku ya kwanza, hata kama mkaguzi amekuja.

Kaseti yangu imechakaa, upande wa pili haufai tena, lakini upande wa kwanza nilikwisha kuuhamishia katika kompyuta ya chuo. Wanachuo wanaotaka nakala waje na simu zao maktabani siku za Jumamosi, baada ya saa nne. Wanaopangiwa Muleba waje mapema, nami nitawaelekeza nyumba ya mtoto wa yule mzee, ambaye amerithi ubao wa baba yake, na husema kwamba anajua nusu.